Mafuta Gani, Mama?

Tangu nirudi kutoka kisiwa cha Mfangano, kila anayekuja kununua mandazi yangu hapa Kaloleni, Kisumu, ananiuliza habari za safari, na kila mmoja nimempa jibu nusu, kwa sababu mikono iko kwenye karai na moshi unaniwasha macho. Halafu mnakwenda kuunganisha nusu zenu na inatoka hadithi nyingine kabisa. Basi leo nimekaa kitako, nimechukua daftari, naandika mara moja tu. Anayejua kusoma awasomee wengine, na asitie chumvi yake.

Jambo lilivyoanza mnalijua. Twalib, mwanangu wa pekee, alikuwa dereva wa lori Kuweti, mwaka wake wa tatu. Wairaki walipoingia kule mwezi wa nane, barua zikakatika. Miezi mitatu baadaye mama mmoja mwuza samaki akaja kutoka visiwani na salamu za mtu anayeitwa Ouma, ambaye alikuwa Kuweti na Twalib na amefika kwao salama. Salamu zenyewe zilikuwa maneno matatu ya Kijaluo. "Odok nikech mo." Amerudi kwa sababu ya mafuta.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Tulielewa sote kwamba Twalib alikwisha kutoka, akasikia kwenye visima vya mafuta wanalipa maradufu kwa kuwa watu wamekimbia, akageuza shingo akarudi Kuweti. Akinyi mkewe aliitoa picha yake ukutani akaitia uvunguni. Na mimi nikasimama pale barazani, nanyi mkisikia, nikasema kama mafuta ni matamu kuliko mama yake, basi na ayanywe, mimi sina radhi naye. Nilisema kwa hasira. Lakini nilisema.

Kisha ukaingia mwezi wa kwanza, na redio ikawa inahesabu siku walizopewa Wairaki waondoke. Siku kumi. Siku tisa. Na mwanangu yuko huko chini ya hizo ndege bila radhi za mama. Nilikuwa nikitia hamira mara mbili kwenye unga mmoja. Zilipobaki siku nane nikamwambia Akinyi nakwenda kumwona huyo Ouma, nisikie kwa kinywa chake mwanangu alisema nini alipogeuka. Akinyi alinifungia viazi vya kuchemsha kwenye leso.

Gatini Kisumu

Mnajua mimi na maji hatupatani. Hata hivyo nilikwenda gatini alfajiri, nikaketi juu ya begi langu, nikaitazama meli. Saa tatu ikapita, saa tano ikapita. Meli imetulia, watu wamekula vyakula vyao vya safari wamemaliza. Saa sita akatoka karani na kalamu sikioni.

"Leo hakuna safari. Hakuna dizeli."

"Imekwenda wapi?" nikauliza.

"Ni hii vita ya Waarabu, Mama. Imemaliza dizeli yote."

"Vita yenyewe bado haijaanza."

"Haijaanza, lakini dizeli imeshasikia."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilipata raha moyoni kwamba sitapanda maji siku ile, na raha ile ikanitia aibu. Mama anayemtafuta mwanawe hafurahi meli ikikosa dizeli.

Kisumu hadi Sondu

Nilipata lori la kreti za soda lililokuwa likienda Homa Bay. Dereva wake alikuwa Mkamba, jina lake Mulwa, mtu mzima, mpole, na aliniketisha mbele kwa heshima. Nikamweleza shida yangu kabla hatujafika Ahero, maana nikiwa na hofu mdomo wangu haufungi. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Pole, Mama," akabadilisha gia. Halafu akasema tena, "Na mimi ni dereva." Basi. Sikujua amekusudia nini.

Kila kituo cha petroli tulichopita kilikuwa na foleni. Magari, pikipiki, watu kwa miguu na madumu yao, mzee mmoja na chupa ya soda mkononi. Tulifika Sondu jua linateremka, mshale wa dizeli ukiwa umelala kabisa. Kituo kimefunga, tutangoja kesho. Kesho tukangoja kutwa nzima. Nilikaa Sondu siku moja na nusu nikitazama daraja, na redio ya duka la pembeni inahesabu. Siku saba. Siku sita.

Alinipokea mama mmoja Mkipsigis anayeuza maziwa lala sokoni, jina lake Mama Chebet. Kiswahili chake kidogo, changu cha mjini, tukaelewana kwa mikono. Alinimiminia maziwa ya kibuyu yenye harufu ya mkaa, nikala na ugali nikashiba kweli. Nilipomwambia mwanangu yuko Kuweti aliuliza, "Hiyo Kuweti iko nyuma ya Homa Bay?" Nikasema ni mbali zaidi. Akauliza, "Wanapigania nini?" Nikasema mafuta. Akafikiri, akaniambia kama ni mafuta, yeye ana samli ndani, nimpelekee mwanangu. Nilicheka mpaka machozi, kisha machozi yakaendelea yenyewe.

Magharibi niliona taa yake haina kitu, nikaenda dukani kumnunulia asante yake. Nikamwambia mwenye duka, "Nipe mafuta."

Hata hakuinua kichwa. "Mafuta gani, Mama? Ya kupika, ya taa, ya kujipaka? Kama ni ya gari, hatuna."

Jamani, nilisimama pale nikashika meza. Swali hilo nimeulizwa maisha yangu yote, na mimi nakaanga mandazi, nalijua kuliko mtu yeyote. Mbona zile salamu zilipofika, hatukuuliza? Si mimi, si Akinyi, si ninyi. Tumesikia Kuweti, tumesikia mafuta, tukamhukumu mtoto. Mwenye duka akaniuliza kama ninaumwa. Nikasema ya taa, akanijazia chupa, na nikarudi njia nzima nimeibana ile chupa kifuani. Mpaka hapo nilikuwa naogopa mwanangu amekosa. Kuanzia hapo nikaogopa kwamba aliyekosa ni mimi.

Sondu hadi Homa Bay

Dizeli ilikuja kwenye mapipa, Mulwa akapata kidogo, na tukaingia Homa Bay zikiwa zimebaki siku tano kwa hesabu ya redio. Alinipeleka hoteli moja karibu na soko, tukala samaki ngege wa kukaanga na ugali. Redio ilikuwa juu ya rafu, imefungwa kitambaa kama bibi harusi, na mbele yake watu wanabishana. Mkubwa wao alikuwa mwalimu mstaafu wanayemwita Mwalimu Oloo, mwenye miwani iliyofungwa uzi.

"Hiyo maneno ni mafuta tu," alisema Mwalimu Oloo. "Kama Kuweti wangekuwa wanapanda mtama, nani angeleta manowari? Sisi hapa tukivamiwa kesho, nani atakuja? Atakuja kwa sababu ya omena, dagaa wetu?"

Mhubiri mmoja aliyekuwa akinywa chai akakataa. "Mwalimu, mtu akivamiwa kwake usiku, si anapiga yowe? Na jirani si anakuja na panga? Sasa utamwuliza jirani kama amekuja kwa sababu ya ng'ombe?"

"Nitamwuliza, ndiyo. Hasa kama maziwa ya hiyo ng'ombe anakunywa yeye."

Watu wakapiga meza. Mhubiri hakushindwa. "Haya. Watanzania waliingia Uganda mwaka wa sabini na tisa. Kulikuwa na mafuta gani pale? Ndizi tu."

"Wao walichokozwa kwanza. Waganda walikuwa wameingia kwao."

"Basi unakubali kuna vita bila mafuta."

"Nakubali. Nasema tu kwamba penye mafuta watu wanasikia yowe haraka."

Hapo Mulwa, mtu wa maneno machache, akafungua kinywa. "Mimi nimeendesha lori hii miaka mingi. Lori haitembei na haki. Inatembea na dizeli. Hata askari anayekwenda kutetea haki, gari yake inauliza dizeli kwanza." Kila mtu akamgeukia. "Sijui nani mwenye kosa," akamalizia, akarudi kwenye samaki wake.

Mwalimu akanigeukia mimi. "Na wewe Mama, unasemaje?"

Nilitaka kusema mengi. Mandazi yangu yamepungua ukubwa kwa sababu ya hiyo vita, mnajua wenyewe. Lakini nilisema tu kwamba mtoto wangu yuko kule. Mzaha ukaisha pale pale. Mwalimu Oloo alivua miwani, akaipangusa muda mrefu kuliko ilivyohitaji, na mhubiri akaniagizia chai. Mulwa akanitafutia pikapu ya kwenda Mbita, akanishika mkono kwa mikono miwili, akaondoka na kreti zake.

Mbita hadi Mfangano

Hapa nitasema ukweli wote, mcheke mkitaka. Nilipoiona ile boti nilitaka kurudi. Ilikuwa ya mbao, na injini nyuma, ndani tumejaa watu kumi na mmoja, magunia ya unga na mbuzi mmoja aliyefungwa miguu. Mwenye boti, Bwana Omolo, alitikisa tangi la injini sikioni mwake, akanuna. Alikuwa amepewa petroli kidogo kuliko alivyozoea. "Itatosha," akasema, na sauti yake haikunipendeza.

Haikutosha. Tulikuwa katikati, Mbita imekuwa ndogo nyuma na kisiwa bado kiko mbele, injini ikakohoa mara mbili ikanyamaza. Kimya kile sitakisahau. Upepo wa mchana ulikuwa umeanza, boti ikageuka ubavu, maji yakawa yanapiga ubao kofi, kofi. Mama mmoja akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Mimi nilisoma "Ya Latifu" nikapoteza hesabu, nikaanza upya, nikapoteza tena. Omolo na mwanamume mwingine walishika makasia, lakini upepo ulikuwa na nguvu kuwashinda.

Tulikaa hivyo saa nzima na zaidi. Unajua mtu anafikiri nini saa hiyo? Mimi sikufikiri kufa. Nilifikiri kitu kidogo sana, yale mafuta ya kuchukua mtu kutoka hapa mpaka pale. Kikombe kimoja, viwili. Nikaona jinsi mtu anavyoweza kuyatamani bila tamaa ya mali hata chembe.

Ikatokea boti nyingine kutoka upande wa Rusinga. Watu wake hawakutujua, lakini walikata kona wakaja moja kwa moja. Walikuwa na dumu lililobaki robo. Wakatumiminia nusu yake, boti mbili zikigongana, petroli nyingine ikimwagika majini na kung'aa rangi. Nikaanza kuwashukuru, "ero kamano, ero kamano," mpaka Omolo akanitazama kwa mshangao.

"Mama, unashukuru sana. Hapa ziwani hatuachi mtu."

Nililiweka neno hilo moyoni. Sikujua litanichoma kabla jua halijatua.

Kwa Ouma

Kisiwani Ouma hawamwiti Ouma. Wanamwita Jakuweti, mtu wa Kuweti, na walinielekeza kwake kwa jina hilo. Nilimkuta ameketi mbele ya nyumba yake akishona wavu. Ni kijana wa umri wa Twalib, mwembamba. Nilipojitaja, Min Twalib, mama yake Twalib, aliweka wavu chini, akasimama, na hakunitazama usoni.

Mkewe alileta ugali na samaki mbuta. Hakuna aliyekula. Nikamwuliza bila kuzunguka, "Umeniletea salamu kwamba mwanangu alirudi kwa sababu ya mafuta. Mafuta gani?"

Alishangaa. "Mafuta ya lori, Mama. Dizeli."

Nikamwambia aanze mwanzo, taratibu.

Akasema mwajiri wao alikimbia siku ya kwanza akaliacha lori. Twalib akalichukua, akapakia watu wa kila namna, Wasudani, Wabangladeshi, akina dada watatu Wafilipino waliokuwa yaya, na yeye Ouma. Watu thelathini na kitu. Wakaingia Iraki, wakapita Baghdadi, wakashika njia ya Jordani. Hakuna kituo kilichotaka kuwauzia mafuta, maana askari walichukua kwanza. Wakafika jangwani, mpaka uko mbele siku moja tu ya gari, lori likazima.

"Nchi ile, Mama, ukichimba choo unapata mafuta," alisema Ouma. "Na sisi tumesimama pale hatuna hata ya kuwasha taa."

Wakangoja. Maji yakapungua. Mmoja wa wale dada akaanza kuzimia. Twalib akatoa madumu mawili ya lita ishirini, akasema anarudi mji waliouacha nyuma kutafuta dizeli. Ouma alitaka kwenda naye. Twalib akakataa, akasema abaki awaangalie watu. Likapita lori la jeshi linaelekea kule walikotoka, akalisimamisha kwa mkono, akapanda nyuma na madumu yake. Alisema, "Nisubirini mpaka kesho alasiri."

Ouma akaokota wavu, akauweka tena chini. Mkewe akaondoka akaenda jikoni.

"Mkamsubiri?" nikauliza.

"Tulisubiri mpaka alasiri. Mpaka jua likatua pia. Maji yaliisha kabisa. Siku iliyofuata asubuhi ikapita basi ya Wamisri, ina nafasi ya kusimama." Akausukuma wavu kando. "Tulipanda, Mama. Sote tulipanda."

Nikakumbuka maneno ya Omolo kule ziwani. Yalinijia mpaka kwenye ulimi, nikayameza. Ningesema nini? Wale dada watatu nao wana mama zao.

"Niliandika kwenye mlango wa lori kwa makaa," Ouma akasema haraka, "ili akirudi ajue. Niliandika kwa Kiswahili, asome yeye peke yake. Tumetangulia."

Ninyi wenzangu mnajua neno hilo tunalisema juu ya nani, juu ya waliozikwa. Nilimwona mwanangu na madumu mawili, amesimama mbele ya lori tupu katikati ya jangwa, anasoma kwamba watu wote wametangulia. Ouma hakujua, Kiswahili ni lugha yake ya pili. Sikumwambia. Sitamwambia kamwe, na ninyi mkimwona msimwambie.

Alinieleza kwamba kwenye kambi ya mpakani alingoja wiki tatu, kila lori linaloingia analikimbilia. Alipofika kwao aliona aibu kuja Kisumu, akatuma maneno matatu. Alidhani tutaelewa. Nikamwambia tulielewa vibaya, na kwamba mimi nilisema neno baya zaidi kuliko alivyofanya yeye. Hapo ndipo aliponitazama usoni mara ya kwanza, tukalia sote wawili kama watoto, chakula kikapoa.

Kurudi

Kurudi sina mengi. Upepo ulinizuia kisiwani siku tatu. Siku ya mwisho ya redio ilinikuta Homa Bay, katika hoteli ile ile, na asubuhi ya pili yake, bado nangoja gari, wakatangaza kwamba ndege zimeanza kupiga. Watu walijaa mpaka nje. Mwalimu Oloo alikuwapo. Aliniona, akanyoosha mkono, akaizima redio, na hakuna hata mmoja aliyelalamika. Nikauliza gari la Kisumu. Walinipa maji, na mama mwenye hoteli akanisindikiza mpaka lori la unga lililokuja Kisumu.

Akinyi nilimkuta anachambua mchele. Nilimweleza vile vile nilivyoelezwa. Hakulia, aliuliza tu, "Dizeli?" Nikasema dizeli. Akaingia ndani, nikasikia akiburuta kitu uvunguni. Picha iko ukutani tena, mmeiona.

Sasa mnaniuliza swali la pili, lile la Mwalimu Oloo. Kila anayekuja anauliza, "Mama Twalib, kwani hawa wakubwa wamekwenda kule kutetea watu au kwa sababu ya mafuta?" Mimi siwezi kuwasemea wakubwa. Sikuwepo walipokaa, na nimeshasemea watu niliokuwa siwajui moyo, nikaona matokeo. Ninachokijua ni mtu mmoja aliyerudi vitani kwa sababu ya mafuta, na huyo nina hakika naye. Alitaka lita arobaini, na hakuzitaka ili abaki.

Habari zake bado. Kila siku ndege zinapiga, na kila siku nakaa na redio masikioni na roho mkononi. Kwa sababu hiyo nimeandika, wala si kwa ajili ya safari. Nilisimama barazani mkinisikia, nikasema sina radhi naye. Neno lililosemwa mbele ya watu halifutwi chumbani. Basi Ijumaa hii baada ya sala njooni hapa barazani nyote mliokuwapo siku ile, msikose hata mmoja, nilifute mbele yenu. Twalib mwanangu, kama umesoma yale maneno mlangoni, usiyaamini. Hatujatangulia. Tupo, tunakungoja, na radhi zangu unazo zote.